Namna ya kutengeneza marashi ya mabinti wa Songkran nyumbani, kuanzia maji ya moshi mpaka chupa ya kupuliza

Mtu akitaka kutengeneza pafyumu yenye hadithi ya Kithai ndani yake, kishawishi cha kwanza ni kuingia msitu wa Himmaphan na kubeba kila kitu. Ni ule msitu wa hekaya ulioko chini ya mlima Sumeru, Wathai wanausimulia tangu enzi za ufalme wao wa kale wa Sukhothai, karne ya 14, humo ndani kuna kinnari nusu mwanamke nusu ndege, kuna naga yule nyoka mkubwa, kuna garuda nusu mtu nusu ndege, kuna simba mwenye mkonga, kuna na mti wa Nariphon ambao matunda yake ni wasichana wananing'inia kwa utosi na baada ya siku saba wananyauka. Tamu kusikiliza, lakini ukijaribu kuutia msitu mzima kwenye chupa ya mili 30 unapata vurugu tu, udi unapigana na maua, maua yanapigana na matunda, na mvaaji hajui ananukia nini.

Chukua hadithi moja. Mi nashauri hii ya Songkran, mwaka mpya wa Kithai, kwa sababu manukato yamo ndani ya kisa chenyewe, hayajapachikwa na muuzaji anayetafuta jina la chupa.

Kisa chenyewe kwa ufupi

Kulikuwa na kijana anaitwa Thammaban, msomi kwelikweli, anajua mpaka lugha ya ndege. Sifa zake zikamfikia mungu Kabil Maha Phrom huko juu, akashuka na kitendawili: nuru ya mtu asubuhi inakaa wapi, mchana inakaa wapi, jioni inakaa wapi? Akampa siku saba, ukishindwa nachukua kichwa chako, ukipatia chukua changu. Siku ya sita kijana hana jibu, kaenda kujilaza chini ya mvumo anasubiri kufa. Juu ya mti kuna tai wawili, jike anauliza kesho tutakula nini, dume anamwambia tutakula nyama ya Thammaban maana jibu halijui, jike anauliza kwani jibu ni lipi, na dume kwa umbea wake akalitaja lote. Asubuhi nuru iko usoni ndo maana watu wananawa uso. Mchana iko kifuani ndo maana watu wanapaka manukato kifuani. Jioni iko miguuni ndo maana watu wanaosha miguu kabla ya kulala.

Basi kijana akapona na mungu akawa anadaiwa kichwa. Shida ni kwamba kichwa cha Kabil kikigusa ardhi dunia inaungua, kikirushwa hewani mvua zinakoma, kikitupwa baharini bahari inakauka. Mabinti zake saba wakakipokea kwenye sinia, wakakizungusha mlima Sumeru, wakakiweka pangoni, na kila mwaka binti mmoja anashika zamu ya kukitoa na kukizungusha tena. Huyo wa zamu ndo Nang Songkran wa mwaka huo, anapatikana kwa kuangalia mwaka mpya umeangukia siku gani ya juma, na kila mmoja ana ua lake la kuvaa sikioni na mnyama wake wa kupanda. Maandishi ya kisa hiki yamechongwa kwenye jiwe pale hekalu la Wat Pho, Bangkok, na sikukuu yenyewe, ambayo ni tarehe 13 mpaka 15 Aprili, iliingizwa kwenye orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2023.

Sasa angalia hapa. Watengeneza pafyumu dunia nzima wanagawa harufu tabaka tatu: ya juu unayoinusa dakika za mwanzo, ya kati inayokaa masaa kadhaa, na ya chini inayobaki kwenye nguo mpaka kesho yake. Wale tai wameshakugawia. Uso wa asubuhi ni maji, ndimu, majani. Kifua cha mchana ni maua na sandali. Miguu ya jioni ni mizizi, udongo na moshi. Kila kiungo utakachofikiria kuongeza kiulize wewe ni wa uso, wa kifua au wa mguu, kikikosa jibu kiache dukani, hata kama muuzaji anakuapia ni adimu.

Tutatengeneza vitu viwili. Cha kwanza ni maji ya kunukia ya Kithai, nam op, ambayo ndo manukato ya Songkran kwa asili, watu wanayamimina kwenye sanamu za Buddha na kwenye viganja vya wazee nao wazee wanawabariki. Cha pili ni chupa ya kupuliza inayofuata harufu hiyohiyo ila inayokaa mwilini. Ukiwa na haraka unaweza kuruka moja kwa moja kwenye chupa, ila nakwambia mapema kwamba pua yako itajifunza zaidi kwenye maji.

Vitu vya kutafuta

Kwa ajili ya maji: majani ya pandani matano sita, vipande vya sandali gramu 10, asumini konzi mbili, langilangi mbili tatu, waridi moja la kunukia, kipande cha kafuri, mkaa, sukari guru au sukari ya kahawia, ndimu, nta ya nyuki kidogo, na jawi.

Jawi ndo roho ya mchezo kwa hiyo tuiongelee vizuri. Wathai wanaita kamyan, ni utomvu wa mti Styrax tonkinensis unaoota zaidi Laos ya kaskazini na Vietnam, na wafanyabiashara waliuita benzoini ya Siam kwa sababu ulikuwa unapitia Siam, yaani Thailand ya zamani, kwenda sokoni. Ukiuchoma unatoa harufu tamu kama ya vanila, kwa sababu vanilini imo ndani yake kweli. Usichanganye na ubani wetu wa kawaida, ule wa Somalia na Dhofar, ule unatoka kwenye mti mwingine kabisa na harufu yake imeegemea ndimu na msonobari. Ukienda duka la udi na uturi la Waarabu ulizia jawi, na kama kuna aina mbili chukua ile yenye vipande vyeupe vyeupe kama lozi, inukie kabla hujalipa, isipokuwa na utamu achana nayo. Mlioko Muscat na Dubai kazi kwenu ni rahisi kuliko sisi, jawi ipo, udi wa Thailand upo, na pandani mnapata kwenye maduka ya Wasri Lanka kwa jina la rampe.

Pandani ukikosa kabisa? Watu wataniuliza kuhusu mkadi kwa sababu ni jamaa wa pandani na pwani tunaujua, ila mkadi unatumika maua na harufu yake ni nzito, huku tunataka majani yenye harufu kama ya wali mpya. Bora uache kuliko kulazimisha. Weka jani la mchaichai moja tu badala yake, litabadilisha sura ya maji lakini litabaki upande wa uso wa asubuhi.

Langilangi ni mti uliotoka huko huko Asia ya Kusini-Mashariki kabla haujafika Komoro na Zanzibar, kwa hiyo hapa hatuigizi, ni ua lao lenyewe, wao wanaliita kradangnga. Asumini ya Kithai ni Jasminum sambac, ukiwa nayo uani umemaliza. Maua ya kununua barabarani yanakuwa yamepuliziwa dawa mara nyingi, na dawa haiondoki kwa kusuuza, kwa hiyo omba kwa jirani kuliko kununua usichokijua.

Maji ya nam op

Anza mchana. Chemsha maji lita moja na nusu, tia pandani iliyokatwa vipande na vipande vya sandali, punguza moto, acha yatokote taratibu dakika 15. Kama huna vipande una unga wa liwa tumia vijiko viwili, ila utakuja kuchuja kwa kitambaa kizito zaidi ya mara moja maana unga unajificha. Funika, acha yapoe kabisa, chuja. Usiharakishe hapa kwa sababu maji ya moto hayashiki moshi vizuri na yanaua maua.

Baada ya hapo ni moshi, na hapa ndo pana utamu. Tafuta chungu chenye mfuniko unaokaa sawasawa, cha udongo au sufuria ya enameli au hata bakuli kubwa la glasi, plastiki hapana. Mimina maji yafike nusu tu, hiyo nusu ya juu ni nyumba ya moshi. Katikati weka kitu cha kusimamisha kikombe kidogo cha udongo juu ya usawa wa maji, mi nashauri glasi nzito iliyopinduliwa. Wathai wana kikombe chao maalum cha kazi hii, takhan, lakini kijichetezo kidogo kinafanya kazi hiyohiyo.

Washa kipande cha mkaa mpaka kiwe chekundu na kianze kuvaa majivu. Hii ya majivu sio mapambo, mkaa ambao haujashika vizuri unatoa moshi wake wenyewe mchungu na maji yatakunywa huo kabla ya jawi. Pembeni uwe umeshasaga mchanganyiko wa kuchoma: jawi kijiko kimoja cha chai, sukari guru nusu kijiko, maganda ya ndimu yaliyokwanguliwa kidogo, nta ya kukwangua na kucha tu. Wathai wanatumia ganda la makrut, ile ndimu yenye ngozi ya makunyanzi, ukiipata ni bora zaidi. Weka mkaa kwenye kikombe, nyunyiza robo kijiko ya mchanganyiko, funika hapo hapo.

Subiri dakika 15 mpaka 20. Ukifunua moshi unatakiwa uwe mweupe, mzito, unakaa juu ya maji kama hautaki kutoka, na harufu iwe ya peremende na kanisa kwa pamoja. Ukiwa wa njano na unakwaruza koo ujue sukari imeungua, toa mkaa huo tupa, anza na mwingine. Rudia mara tatu. Watu wenye pua kali wanarudia mpaka mara saba ila mara tatu kwa jikoni inatosha, ukizidisha unapata maji yanayonukia nyumba iliyoungua. Na tafadhali fungua madirisha, mkaa ndani ya chumba kilichofungwa unaua, hili sio la kubishana.

Jioni kwenye saa kumi na mbili chuma asumini ambayo bado ni tumba, ile nyeupe iliyovimba inayotaka kufunguka usiku huo. Ikishafunguka imeanza kutumia harufu yake, na iliyonyauka inatia harufu ya majani makavu. Toa vikonyo vya kijani. Langilangi ina mtindo wake: washa mshumaa, shika petali kwa koleo au vidole kama una roho ngumu, zipitishe juu ya moto haraka haraka mpaka zilegee kidogo na mafuta yaanze kunukia, zisiungue. Kisha mwaga maua yote juu ya maji yaelee, usiyazamishe, usiyakoroge, funika.

Alfajiri kabla jua halijatoka yaondoe yote kwa chujio, yaani saa kumi na mbili asubuhi imekukuta umechelewa. Ua lililokaa kwenye maji mpaka mchana linaanza kuoza na harufu ya uozo haitoki tena. Kama una maua ya kutosha rudia usiku wa pili, utaona tofauti kubwa, usiku wa kwanza maji yananukia moshi wenye maua, usiku wa pili yananukia maua yaliyopita kwenye moshi.

Mwisho ni kafuri, chembe ndogo kama punje ya mchele kwa lita nzima, isagwe kwanza. Ndo inayoleta ule ubaridi wa ngozi mtu akipakwa maji haya kwenye joto la Aprili, na Bangkok mwezi huo ni joto la kukimbia. Ukitaka kuongeza matone ya uturi, mafuta hayachanganyiki na maji, yataelea juu kama supu. Wathai wanamaliza tatizo hili kwa udongo mweupe, din so phong, unaochimbwa na kusafishwa sana mkoa wa Lopburi: wanasaga mafuta ndani ya unga, wanaumimina kwenye maji, unga unabeba mafuta na kutawanya, baadaye unatuama chini na wewe unachota maji ya juu. Huo udongo ni kalsiamu kaboneti, kwa hiyo unaweza kutumia unga wa kalsiamu kaboneti safi wa duka la dawa. Chokaa ya ujenzi usiiguse kabisa, hiyo ni kitu kingine na inachoma ngozi.

Maji haya hayana dawa ya kuzuia kuharibika. Weka kwenye chupa ya glasi iliyochemshwa, friji, siku saba, yakibadilika rangi au yakiota utando mwaga. Si ya kunywa, na kwa sababu ya kafuri yaweke mbali na watoto wadogo.

Chupa ya kupuliza

Hapa nitakuwa mfupi maana ni kupima tu. Unahitaji spirti ya asilimia 95 au 96, ile ya kutengenezea manukato. Spirti ya vidonda ya asilimia 70 ina maji mengi, mafuta yatafanya ukungu. Mithileti ni sumu, na kuna mtu huwa haachi kuuliza kuhusu gongo, jibu ni hapana, utanukia gongo. Usiyetaka alkoholi tumia mafuta ya jojoba au mafuta ya nazi yale yasiyoganda, kiasi kile kile, ila itakuwa uturi wa kupaka na sio wa kupuliza, na tabaka la asubuhi litakuwa na aibu kidogo kwa sababu mafuta yanalizuia lisiruke.

Kipimo changu kwa chupa ya mili 30 ni matone 100 ya mafuta, ambayo ni kama mili 5, halafu spirti mili 25.

Asubuhi: ndimu iliyochemshwa kwa mvuke matone 12, mafuta ya majani ya makrut 8, mchaichai 2. Nimesema ndimu ya mvuke makusudi, mafuta ya ndimu yaliyokamuliwa kwenye ganda yakipigwa na jua kwenye ngozi yanaleta mabaka na malengelenge. Mchaichai matone mawili tu, una nguvu ya ajabu, ukitia matano umetengeneza dawa ya mbu.

Mchana: asumini sambac 6, langilangi 4, champa (ua la jamii ya magnolia) 3, sandali 30. Najua wataalamu watasema sandali ni ya tabaka la chini na ni kweli inakaa muda mrefu, ila kwenye hadithi hii mimi naihesabu ni ya kifuani, na kazi yake humu ni kuyashika maua yasipige kelele. Langilangi usiongeze hata ukiipenda vipi, ni moja ya mafuta yanayosumbua ngozi za watu wengi, na isitoshe ikizidi inaleta kichwa kuuma.

Jioni: jawi iliyoyeyushwa nusu kwa nusu kwenye spirti matone 24, vetiva 8, udi 3. Vetiva ni mafuta ya mizizi ya nyasi ambazo Wathai wanaziita faek, mfalme Bhumibol alizipigia debe sana kuanzia mwaka 1991 zipandwe milimani kushika udongo usichukuliwe na mvua. Mzizi, udongo, mguu, sijui utafute nini tena kinachofaa zaidi hapo. Udi unapatikana pale mti wa Aquilaria unapojeruhiwa na kuingiwa na kuvu, ndo unajaza utomvu ule mweusi kujitibu, miti iliyobaki porini imekatwa sana na biashara yake inasimamiwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa mimea na wanyama walio hatarini, kwa hiyo nunua wa shambani, na matone matatu yanatosha. Mtu wa pwani au wa Ghuba mkono utamuwasha aongeze. Ukiongeza utapata udi mzuri, lakini wale mabinti saba hutawaona tena.

Anza kudondosha ya jioni, fuatisha ya mchana, maliza na ya asubuhi, kila mara unatikisa kidogo na kunusa kwenye karatasi. Acha mafuta matupu yakae pamoja siku mbili kabla ya spirti. Ukishatia spirti funga, weka kabatini gizani wiki tatu mpaka nne. Wiki ya kwanza itanukia spirti na ndimu tu, usikate tamaa na usianze kuongezaongeza. Baadae weka friji siku mbili, chuja kwa karatasi ya kahawa, jawi huwa inaacha vumbi chini.

Kabla ya kupuliza shingoni paka tone moja kwenye kiwiko kwa ndani, subiri masaa 24. Ikiwasha au ikiweka wekundu, chupa hiyo ni ya nguo, sio ya ngozi.

Kubadilisha kulingana na binti

Hiki kipimo cha juu ni cha Montha, binti wa Jumatano, maana ua lake ni champa na mnyama wake ni punda. Ukitaka binti mwingine unabadilisha kifua tu, uso na miguu viache vilivyo isipokuwa pale nitakapokwambia. Watu wengi wanachukua siku waliyozaliwa, ni wazo zuri kwa zawadi.

Khorakha wa Jumatatu anayepanda chui milia ana ua la pip, jeupe, refu, linanukia usiku. Mafuta yake madukani hakuna, ila unalikaribia ukitoa champa ukaweka tuberosi matone 2 na asumini ukaipandisha mpaka 7. Huyu ndo naempenda kuliko wote, anafaa harusini. Kirini wa Alhamisi kwenye tembo ana ua la magnolia, rahisi, mafuta ya magnolia yapo, badilisha champa kwa magnolia matone 6 na punguza langilangi iwe 2. Raksot wa Jumanne, yeye anapanda nguruwe na ua lake ni yungiyungi la Kihindi, lotasi, na hapa tahadhari: mafuta ya lotasi ya kweli ni ghali vibaya na mengi yanayouzwa chini ya jina hilo ni mchanganyiko. Sio dhambi kutumia mchanganyiko, dhambi ni kulipa bei ya lotasi. Kimitha wa Ijumaa kwenye nyati anaangukia humohumo kwa sababu ua lake pia ni la majini, yungiyungi dogo, mfanye kama Raksot ila mwepesi zaidi, ongeza ndimu tone moja mbili.

Wawili waliobaki ndo mtihani. Thungsa wa Jumapili, mpanda garuda, ana ua la komamanga, jekundu zuri ila halina harufu ya maana. Mpe waridi matone 4 badala ya champa, uende na rangi kuliko harufu. Mahothon wa Jumamosi kwenye tausi ua lake ni la majini, jamaa wa gugumaji, na watu wa Kisumu na Mwanza mnaweza kucheka sasa. Halinukii. Kwake mi naondoa champa na langilangi kabisa, napandisha vetiva mpaka 14, inatoka harufu ya ziwa asubuhi, kavu na ya kijani, wanaume wanaipenda sana.

Kuvaa na kuweka lebo

Nam op vaa kwa mpangilio wa tai: asubuhi kidogo usoni baada ya kunawa, macho yafumbe kwa sababu ya kafuri, mchana kifuani, jioni tia kikombe kimoja kwenye beseni la kuoshea miguu. Ya kupuliza ni kifuani tu, chini ya nguo, iwe inapanda na joto la mwili. Ukiwa na wazee nyumbani na Aprili imefika, mimina nam op kwenye viganja vyao kwa bakuli dogo, ielee asumini mbili tatu, hapo umefanya kile chenyewe wanachofanya Wathai siku hiyo.

Kwenye lebo chora ua, au kinnari ukiweza kuchora. Usiweke picha ya Buddha, kwa Wathai kuiweka kwenye bidhaa ya kupambia ni kukosa adabu, na garuda muache pia kwa sababu ndo nembo ya taifa lao na mfalme ndo anayewaruhusu wafanyabiashara kuitumia. Andika viungo vyote nyuma, hasa langilangi na asumini, mwenye mzio ajue. Ukifikia kuuza, Tanzania vipodozi viko chini ya TBS na Kenya nenda KEBS, uliza masharti kabla hujachapisha lebo mia mbili, kwa sababu jambo la kwanza watakaloangalia ni hiyo lebo.

Maua yaliyotoka kwenye maji usiyatupe, yaanike kivulini, yakikauka changanya na mabaki ya jawi na sukari guru, hiyo inakuwa buhuri ya kufukizia kanga na mashuka.